Kwa Nini Gobore Hutawanya Risasi, na Anayeanza Aanzie Wapi

Anayejifunza kulenga kwa gobore akikosa shabaha hulilaumu jicho lake, au mkono wake. Mara nyingi vyote viwili havina kosa. Risasi ilikwisha kupotea kabla bunduki haijafika begani, wakati wa kushindilia. Bunduki ya kisasa hupewa risasi iliyokamilika kiwandani: baruti imepimwa, risasi imebanwa kwenye ganda, fataki imepachikwa, na ya kumi haina tofauti na ya kwanza. Gobore hujazwa mdomoni, kitu kimoja kimoja, na aliyelishika ndiye anayepima, anayebana na anayewasha. Akiyafanya hayo kwa namna tofauti kila mara, matundu kwenye shabaha yatatawanyika, hata jicho lake liwe kali namna gani.

Kwa hiyo usahihi wa gobore ni kurudia jambo lilelile kwa namna ileile. Ugumu ni kwamba mambo ya kurudia ni mengi na yamefungamana: ukigusa baruti unaathiri kiraka, yaani kitambaa kinachoifunika risasi, ukigusa kiraka unaathiri masizi, masizi nayo yanaathiri namna risasi inavyokaa. Wengi hubadilisha mambo matatu kwa siku moja, wakaona nafuu kidogo, na wasijue ni lipi lililoleta nafuu. Tuyafungue moja baada ya jingine.

Kwanza, neno kwa wasomaji wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Gobore ni silaha ya moto mbele ya sheria sawa na bunduki nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na uwindaji una vibali vyake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Yapo magobore vijijini yaliyotengenezwa kwa mabomba ya maji na vyuma chakavu. Bomba la maji halikuundwa kuhimili mgandamizo wa baruti. Likipasuka, linapasukia karibu na uso na mkono ulioshika mtutu. Bunduki ya namna hiyo haina shabaha ya kurekebishwa; ikabidhiwe polisi. Baruti ya kujisagia nyumbani nayo iachwe kabisa: ni hatari, na nguvu yake haifanani leo na kesho, kwa hiyo hata kwa usahihi haina faida. Ninayoeleza hapa yanahusu gobore lenye leseni, lililokaguliwa na fundi wa silaha anayejua kazi yake, linalopigwa mahali panaporuhusiwa penye tuta la udongo nyuma ya shabaha.

Sasa mtutu. Kabla hujautazama hakikisha ni mtupu, maana magobore ya zamani yamewahi kukutwa yameshindiliwa miaka na miaka. Elekeza mdomo mahali salama, ingiza mdeki, yaani ufito wa kushindilia, taratibu hadi ukome, weka alama kwa kidole, utoe na uulaze sambamba na mtutu kwa nje. Mdeki ukiishia mbali na tundu la moto au kichuchu cha fataki, yaani pale moto unapoingilia baruti, kuna kitu ndani, na hapo kazi ni ya fundi.

Ukishajua ni mtupu, tazama kama ndani ni laini au pana mifuo, yaani mifereji midogo inayojipinda toka nyuma hadi mdomoni. Tofauti hii inaamua karibu kila kitu kinachofuata. Katika mtutu laini, risasi ya duara isiyobanwa hugongagonga kuta ikienda, na ukuta wa mwisho iliougusa ndio unaoipa uelekeo. Mwingereza Benjamin Robins aliandika mwaka 1742 kwamba risasi ya namna hiyo hutoka ikizunguka ovyo, na mzunguko huo wenyewe huipindisha hewani, leo kulia, kesho kushoto. Mifuo huondoa ovyo hiyo: huizungusha kila risasi kwa upande mmoja na kwa kasi ileile, na kasoro ndogo za umbo lake hujisawazisha njiani.

Kwamba magobore mengi ya zamani katika nyanda hizi ni ya mtutu laini si bahati mbaya tu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na ulizilenga hasa bunduki zenye mifuo. Ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara. Silaha yenye shabaha ya mbali ilibaki mikononi mwa watawala. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo na kukivunja kutoka vichakani, kwa karibu sana, mkuki ukifanya kazi kubwa. Naona katika uchaguzi ule wa umbali akili ya watu waliojua silaha zao zinafika wapi. Nawe uanzie hapohapo. Kama mtutu wako ni laini, shabaha yako ya kweli iko mita 25, na kwa mazoezi mazuri mita 50. Usijipime kwa mita 100 kisha ukajiona huna kipaji.

Kama una mifuo, jua inajipinda kwa kasi gani. Bana kitambaa kwenye kichwa cha mdeki unaozunguka wenyewe, usukume ndani ya mtutu mtupu, na upime urefu uliouingiza wakati mdeki unafanya robo mzunguko. Zidisha kwa nne. Mzunguko mmoja kwa sentimita 120 hadi 170 ni mwendo wa pole, unaoifaa risasi ya duara iliyofungwa kiraka. Mzunguko mmoja kwa sentimita 70 hivi ni wa haraka, nao umekusudiwa risasi ndefu za mchongoko. Risasi ya duara ikisukumwa kwa nguvu humo hushindwa kuifuata mifuo na kuruka juu yake. Watu wamehangaika na baruti na vilengeo kwa muda mrefu, kumbe wanaulisha mtutu risasi isiyo yake.

Tuje kwenye risasi na kiraka, ambako naamini nusu ya usahihi wote imelala. Risasi iwe ya madini laini ya risasi yasiyochanganywa na mengine, ya duara kamili, isiyo na shimo la hewa ndani. Zipime kwenye mizani ndogo. Iliyo nyepesi kuliko wenzake ina pengo ndani, na pengo likiwa upande mmoja risasi hutapatapa hewani. Irudishe kuyeyushwa, au mwachie anayeziuza. Kama risasi imetoka kwenye kalibu, ina kialama bapa pale ilipokatwa: kialama hicho kitazame juu katikati kila unapojaza. Ukishamaliza kushika risasi nawa mikono kabla ya kula, kwa sababu madini yake ni sumu.

Risasi ya duara ni ndogo kuliko mtutu kwa makusudi. Mtutu wa kipenyo cha milimita 12.7 hupewa risasi ya milimita 12.45. Pengo linalobaki linajazwa na kiraka, kipande cha kitambaa kinachoifunika risasi kikiingia nayo. Kiraka cha unene wa milimita 0.4 kinaongeza 0.8 kwa kuhesabu pande zote mbili, kwa hiyo lazima kikandamizwe, na kikikandamizwa kinajaa ndani ya mifuo. Hicho ndicho kinachoizungusha risasi, maana risasi yenyewe haigusi chuma. Kiraka pia kinazuia moto usipite pembeni.

Kitambaa kiwe cha pamba tupu, kilichosokotwa kwa kubana. Amerikani nzito iliyofuliwa ikatoka wanga inafaa sana. Kitambaa chenye nailoni au poliesta huyeyuka na kuacha utando mtutuni. Pima unene wa kitambaa kabla ya kununua mita nyingi, na ukikipata kinachokubali, nunua cha kutosha, kwa sababu jora lingine la rangi ileile linaweza kuwa na unene tofauti. Mafuta ya kukipaka yawe ya wanyama au ya mimea: nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya ng'ombe ni ya zamani na bado ni nzuri. Mafuta ya injini na grisi yakiungua pamoja na baruti nyeusi huwa lami. Kiraka kiwe na unyevu wa kukuachia mafuta vidoleni, kisichuruzike hata kulowesha baruti.

Jambo ambalo wanaoanza hulipuuza, nami nalisisitiza kuliko yote, ni kwenda kuviokota viraka baada ya kupiga. Huanguka mita chache mbele ya mdomo wa mtutu, na kila kimoja kina habari. Subiri mstari mzima uwe salama, bunduki zote zimewekwa chini, ndipo uende. Kiraka kizuri kina duara jeusi katikati, ukingo umechanika nyuzi kidogo, na kitambaa bado ni kizima kiasi cha kudhani ungeweza kukitumia tena. Kikiwa kimeungua katikati, ama ni chembamba, ama mafuta hayatoshi, ama baruti imezidi. Kikiwa na mikato myembamba iliyopangana kwa mzunguko, kuna ncha kali zinazokikata: kingo za mifuo ya mtutu mpya, au ukingo wa mdomo wa mtutu. Fundi huulainisha ukingo huo kwa dakika chache, na matokeo yake huonekana siku hiyohiyo. Kikiwa kimepasuka vipandevipande, moto umepita pembeni na risasi imetoka bila kushikwa. Hakuna shabaha yoyote ya karatasi itakayokueleza hayo kwa uwazi kiasi hicho. Karatasi inaonyesha kwamba ulikosa; kiraka kinaonyesha kwa nini.

Kuna sababu nyingine ya kuviokota. Kiraka hutoka kikifuka. Kuanzia Juni hadi Oktoba, nyasi za Mufindi na Iringa zikiwa zimekauka na mashamba ya misonobari ya Sao Hill yakiwa jirani, cheche moja inatosha kuteketeza jasho la watu. Mahali pa kupigia pafyekwe, maji yawepo, na pasipofyekwa pasipigwe.

Baruti ni nyepesi kueleza. Tumia baruti nyeusi ya kiwandani au mbadala wake uliotajwa na mtengenezaji wa bunduki, na usithubutu kamwe kutia baruti ya kisasa isiyo na moshi, hata kidogo, kwa sababu mgandamizo wake huupasua mtutu. Chembe hupangwa kwa herufi F: F zikiongezeka chembe zinakuwa ndogo na zinaungua haraka. FFg hutumiwa zaidi kwenye mitutu mipana, FFFg kwenye myembamba, na FFFFg ni ya kisahani cha gumegume tu, pale cheche zinapoangukia. Pima kwa kipimo cha ujazo, ukikijaza hadi ukingoni kwa namna ileile kila mara na kukisawazisha juu, kama muuza mahindi anavyopangusa sado kwa kijiti. Usimimine toka kwenye pembe au chupa moja kwa moja hadi mtutuni: kijinga cha moto kilichobaki humo kikishika, chupa nzima hulipuka mkononi.

Kiasi gani? Anza na cha chini katika mwongozo wa mtengenezaji, piga risasi tano, kisha ongeza kidogo kidogo bila kuvuka kiwango cha juu kabisa alichoweka. Matundu yatakaribiana, halafu yataanza kuachana tena. Rudi pale yalipokaribiana. Anayeanza hudhani nguvu nyingi hunyoosha njia ya risasi. Kwa gobore huwa kinyume: baruti ikizidi huunguza kiraka, na teke lake humfundisha mpigaji kufumba macho.

Takribani nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki hewa inapoungua. Hubaki kama masizi na chumvichumvi, na sehemu kubwa inaganda ndani ya mtutu. Ndiyo sababu risasi ya kwanza huingia kwa ulaini na ya tano inapigana nawe. Mtutu unaozidi kuwa mwembamba si mtutu uleule tena, na risasi haziwezi kwenda mahali pamoja. Dawa ni kupitisha kiraka chenye unyevu baada ya kila risasi, mara moja kwenda na kurudi, ukigeuze na kurudia, kisha kikavu kimoja. Kipitishe kwa idadi ileile kila mara. Kisiwe chapachapa, vinginevyo utasukuma matope hadi kwenye tundu la moto na bunduki haitawaka.

Hapa hali ya hewa ya nyanda za juu inaingia moja kwa moja. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewani. Asubuhi ya ukungu Njombe au Tukuyu hubaki laini na risasi hushuka vizuri. Mchana wa Septemba Iringa mjini, hewa ikiwa kavu, huwa magumu kama ukoko wa sufuria. Unyevu wa kiraka uliokufaa Rungwe hautatosha Iringa. Andika kwenye daftari hali ya hewa ya siku hiyo pamoja na kiasi cha baruti, unene wa kiraka na aina ya mafuta. Bila hivyo utajilaumu kwa jambo lililofanywa na hewa.

Kushindilia kwenyewe: mdomo wa mtutu uwe mbali na uso, mdeki ushikwe karibu na mtutu na kusukumwa kwa hatua fupi ili usivunjike ukakutoboa mkono. Risasi lazima ikalie baruti. Nafasi tupu kati yao inaweza kuuvimbisha au kuupasua mtutu. Weka alama mbili kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu uliojazwa kiasi chako, na alama ya pili ikiwa juu ya mdomo wa mtutu, usipige. Mkandamizo wa mwisho uwe mmoja, thabiti, wenye uzito uleule. Kuna wanaourusha mdeki uruke juu ya risasi kama ishara kwamba imekaa. Waache. Wanaibonda risasi ikapoteza uduara, kila moja kwa namna yake.

Moto nao una tabia zake. Gobore la fataki hukosa kuwaka mara nyingi kwa sababu ya mafuta yaliyobaki njiani tangu usafi wa mwisho. Kabla ya kujaza kwa mara ya kwanza siku hiyo, pitisha kiraka kikavu, kisha piga fataki tupu ukielekeza mdomo kwenye unyasi: ukitikisika, njia ni wazi. Kwenye gumegume usijaze kisahani kupita kiasi wala kufukia tundu la moto, kwa kuwa baruti iliyoziba tundu huungua polepole na kuchelewesha mlipuko. Bunduki isipowaka, iache ikielekea shabaha kwa dakika nzima kabla ya kufanya lolote. Moto hafifu umewahi kuchelewa kuliko subira ya watu.

Ucheleweshaji huo ndio unaomtofautisha mpigaji wa gobore na wa bunduki nyingine. Kati ya kubonyeza kifyatulio na risasi kutoka kuna muda mfupi, mrefu zaidi kwa gumegume, na mkono ukilegea ndani ya muda huo risasi inafuata mkono. Endelea kulenga hadi moshi upungue na uone tena shabaha yako. Muombe mwenzako akuwekee fataki au akunyime bila kukuambia, kwenye bunduki isiyo na baruti wala risasi; ukishtuka kwa bunduki tupu, umejua kilichokuwa kinakukosesha. Miwani na vizibo vya masikio ni lazima, kwa kila aliye karibu.

Weka mifuko ya mchanga mezani na uegemeze bunduki sehemu ileile ya mbao, usiegemeze mtutu. Piga mapema. Risasi ya duara hupoteza kasi haraka, na upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaweza kuisogeza zaidi ya sentimita 20 katika mita 100. Iringa upepo wa mchana si wa kubahatisha nao. Mwinuko unakupunguzia tatizo kidogo: Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo risasi inakawia kidogo kupoteza kasi. Bunduki iliyorekebishwa Pwani ijaribiwe upya huku.

Vilengeo viguswe mwisho kabisa. Risasi tano zikitua pamoja mkono wa kushoto wa shabaha, hiyo ni habari njema, maana kilichobaki ni kusogeza. Zikitawanyika, kusogeza vilengeo ni kuhamisha fujo toka kona moja hadi nyingine. Kilengeo cha nyuma kisogezwe upande unaotaka risasi iende. Cha mbele, kinyume chake. Cha mbele kinapopunguzwa kwa tupa, risasi hupanda, na chuma kilichokatwa hakirudi, kwa hiyo kata kidogo na ujaribu.

Mtutu uoshwe siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu chumvi za baruti huyeyuka kwa maji wala si kwa mafuta. Ukaushe mpaka kiraka kitoke kikavu, upake mafuta mepesi, na uutazame tena kesho yake. Huko Rungwe, ambako mvua katika baadhi ya maeneo hupita milimita 2,000 kwa mwaka, usiku mmoja unatosha kutu kuota ndani ya mifuo. Kiraka cha kesho yake kikitoka na rangi ya kahawia, osha upya.